Mbuzi wa Baba Mkubwa Mbele ya Baraza

Nilikuwa katibu wa baraza la komini, yaani la sehemu yetu ya mji, katika ile miaka ambayo Bukavu nzima ilikuwa na neno moja mdomoni: konjonktire. Mshahara hauji? Konjonktire. Taa imezimika katikati ya kikao? Konjonktire. Bwana mkubwa amekuja kazini na soksi mbili zisizofanana? Usimcheke, ni konjonktire. Neno lilitoka kwenye Kifaransa cha redio, likaingia kwetu kwa maana ya hali ngumu, kisha likawa jibu la kila swali, hata la mke anayemuuliza mumewe amechelewa wapi.

Ofisi yetu ilikuwa kwenye mteremko, kama karibu kila kitu Bukavu, na ilikuwa na ukumbi mmoja tu usiovuja. Humo ndimo baraza lilimoketi, humo ndimo watu walimofungishwa ndoa, na kwenye kona yake tulitunza mifuko ya saruji ya mradi ulioanza na mifuko ukaishia kwenye mifuko. Viti vilikuwa vya parokia. Kukiwa na kipaimara, parokia huvichukua, na washauri hujadili mambo ya komini wakiwa wamesimama wima. Mara ya kwanza ilipotokea hivyo, mjadala ulikuwa mfupi mno, nikampendekezea mkuu wa komini tuwe tunaendesha vikao namna hiyo siku zote.

Kazi ya katibu ilikuwa kuandika kumbukumbu za kikao, ambazo sote tuliziita PV. Kusema haikuwa kazi yake. Sheria ilikuwa wazi: katibu hana neno barazani. Nilikaa kwenye meza yangu ndogo miaka na miaka, nikiwasikiliza watu wazima wakizungumzia mfereji ulioporomoka, na mdomo wangu umefungwa. Anayenijua atakuambia hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kukosa mshahara.

Sasa, baraza lisilo na kitu linaweza kufanya jambo moja bila gharama, nalo ni kukataza. Basi tulikataza. Tulikataza kumwaga maji ya vyombo barabarani. Tulikataza kuanika mihogo juu ya lami, na kupiga muziki karibu na nyumba ya kujifungulia wazazi. Kila katazo lilipigiwa makofi, nami nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri, na kesho yake mihogo ikaanikwa pale pale, labda imesogezwa kidogo kwa heshima.

Zamu ya mbuzi ilifika baada ya mbuzi mmoja kula maua yaliyopandwa kwenye mzunguko wa barabara kwa ajili ya mgeni wa kutoka Kinshasa. Mgeni mwenyewe hakuja. Lakini maua yalikuwa yameliwa, na komini iliona imedharauliwa. Ikaamuliwa kwamba mbuzi yeyote atakayeonekana kando ya barabara bila mtu atashikwa na kufungwa nyuma ya ofisi.

Mbuzi wa kwanza alishikwa siku ya Ijumaa. Jumatatu hakuwepo. Mkuu wa komini, au Bourgmestre kama tunavyomwita, alilieleza baraza kwa sauti ya msiba kwamba mbuzi yule alikufa kwa huzuni. Kulikuwa na mshauri mmoja mwanamke, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu. Akamwangalia Bourgmestre juu mpaka chini.

"Papa Bourgmestre," akasema, "ile uzuni ilikuwa ya namna gani, yenye iliacha arufu ya pilipili mpaka ku dirisha yako?"

Ndipo baraza likaongeza kifungu kwamba hakuna mbuzi atakayetoka nyuma ya ofisi isipokuwa mbele ya baraza lililoketi rasmi, mwenye mbuzi akijieleza, na katibu akiandika. Nilikiandika kifungu kile kwa furaha. Nilikipigia hata mstari chini.

Ili watu wajue, tulisimamisha kibao kando ya barabara, hatua chache chini ya ofisi. Kwa kuwa si kila mtu anasoma, fundi aliagizwa achore mbuzi, kisha ampige mstari mwekundu. Mbuzi alimchora kweli, mweupe, mwenye ndevu, anayetazama barabara kwa utulivu mkubwa. Rangi nyekundu ikakosekana. Konjonktire. Maandishi ya chini yakaondoka na mvua, na mbuzi akabaki peke yake, mzuri, hana mstari. Jambo la ajabu ni kwamba tangu kibao kile kisimame, mbuzi waliongezeka mahali pale pale. Ajenti wetu wa usafi alikuwa akiwakamata bila hata kutoa jasho. Barazani tulijadili kwa kirefu kwa nini eneo lile lilikuwa na wakaidi wengi kiasi hicho, na mimi nikaandika neno "wakaidi" bila kuwaza lolote.

Nije kwenye arusi yangu.

Nilikuwa nimekwisha kuwaandalia ndoa watu wengi katika ukumbi ule, wakiwemo vijana niliowabeba mgongoni walipokuwa wachanga. Mama wa sambaza alikuwa hanipitii bila kunichokoza: "Maman Sekretere, unapikia bengine kila siku. Weye utakula lini?" Nilicheka naye, nikifika nyumbani sicheki tena. Mchumba nilikuwa naye, mwalimu wa huko Mudaka, mtu mpole mwenye subira ya kufundisha hesabu. Arusi yetu iliahirishwa mara ya kwanza kwa sababu baba yangu alifariki. Ikaahirishwa tena kwa sababu ya lile neno mnalolijua. Sasa ilikuwa imepangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Paroko alitupa saa nane, na alikuwa hafungishi ndoa kanisani kabla ya kuona cheti cha komini. Tukikosa saa nane, tunangoja hadi baada ya Pasaka. Niliogopa. Niliogopa kwamba safari hii ikiahirishwa haitarudi tena, na nilikuwa nimechoka kuwa mchumba wa mtu.

Kila kitu kilikuwa tayari. Mahari yalikuwa yamekwisha pokelewa, na shangazi zangu walikuwa wamekwisha kuyagombania wakapatana. Kilichobaki ni kinywa cha baba mkubwa. Kwetu, mbele ya Bourgmestre, lazima mtu wa ukoo wa bibi arusi asimame aseme kwamba mahari yamepokelewa na familia ina furaha. Kama baba hayupo, kaka yake ndiye anayesimama. Baba mkubwa wangu alikuwa mkulima wa Nyantende, mtu wa maneno machache, ambaye hakupenda mji hata kidogo. Bila yeye, Bourgmestre angeweza kuvaa mkanda wake wa rangi za taifa mpaka jua lizame, na mimi ningebaki mseja.

Jambo jingine. Mwenzangu tuliyekuwa tukipokezana naye vitabu vya ndoa alikuwa amekwenda Kalehe kwenye matanga ya mkwe wake. Kwa hiyo siku ile nilikuwa bibi arusi, na karani wa arusi hiyo hiyo.

Basi ukumbi ukajaa. Wakwe kutoka Mudaka walikaa kushoto, wetu kulia, waimbaji wa parokia nyuma kwenye mifuko ya saruji. Washauri wote walikuwepo, maana hakuna mshauri aliyewahi kukosa arusi yenye chakula. Bourgmestre alikohoa, akajirekebisha mkanda, akaiomba familia ya bibi arusi isimamishe mtu wake. Watu wakageuka. Kiti cha baba mkubwa kilikuwa kitupu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia ajenti wa usafi, viatu vimejaa matope, akapiga saluti.

"Bourgmestre, kuko muzee mumoja ku nyuma. Anakalia kamba ya mbuzi, anakatala kutoka. Anasema iko na arusi huku, lakini arusi ingoje."

Nilijua mara moja ni nani. Nikainua gauni langu nikatoka.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, kati ya mbuzi waliokamatwa siku za nyuma, amevaa koti la marehemu baba yangu, kamba ameipitisha chini ya paja. Mbuzi wake alikuwa dume jeupe, nene, anatafuna kitu bila wasiwasi wowote.

"Baba mukubwa, iko nini? Batu bote banakungojea."

"Bangoje. Banakamata mbuzi yangu."

"Nani?"

"Ule," akasema, akimwonyesha ajenti kwa kidevu. "Nimetoka nayo Nyantende na miguu, tangu asubui. Nimeifunga muzuri pale kwenye banachora mbuzi. Nikaenda kutoa matope ku viatu, nisikuletee aya mbele ya bakwe. Kurudia, naikuta uku, imefungwa sawa mwizi."

"Sasa uiache tu, tuingie. Lundi nitakuja kuifungua mimi mwenyewe."

"Lundi?" Aliirudia Jumatatu yangu akinitazama kwa huruma. "Mutoto yangu, abari ya ile mbuzi yenu yenye ilikufa na uzuni ilifika mpaka Nyantende."

Nikachuchumaa mbele yake, gauni likigusa pale lilipogusa.

"Iko zawadi yako," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Baba yako njo alipashwa kukuletea. Alikuwa anaichunga mbele ya kufa, ingali ndogo. Nitaingia mule kusema niko na furaha, na zawadi yake iko mu kifungo? Hapana. Nakaa nayo hapa."

Nilisimama, nikamwambia ajenti amfungue mbuzi. Ajenti alikuwa kijana mnyofu, mwenye kuipenda sheria kwa dhati, na nadhani ndiye mtu pekee katika komini nzima aliyewahi kusoma PV zangu.

"Madame Secrétaire," akasema, "weye njo uliandika. Baraza ikae, mwenyewe ajieleze, sekretere aandike. Ulipiga na mustari chini yake. Mi naheshimia mustari."

Bourgmestre alikuwa ametufuata nje, mkanda begani. Alimtazama mbuzi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatazama saa yake, akatazama washauri waliokwisha kusongamana mlangoni, akaamua kwamba kwa kuwa baraza lote liko hapa, basi baraza liketi.

Ndivyo kikao cha dharura kilivyofunguliwa katikati ya arusi yangu. Washauri walihamia meza ya mbele. Bwana arusi alipelekwa pembeni, akakaa na mashada yake. Mimi nikavua glavu ya mkono wa kuume, nikasukuma shela nyuma, nikaketi kwenye meza yangu ndogo na kalamu. Wakwe wa Mudaka hawakuwahi kuona baraza la mji, na walitazama kwa makini sana. Nilimsikia mama mkwe akimuuliza jirani yake kama Bukavu ndivyo wanavyooana siku hizi.

Tulikuwa na mshauri mmoja mzee, mwalimu mstaafu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alisimama wa kwanza kunikata maini.

"Mbele ya yote," akasema, "tusome PV ya kikao kilichopita, tuipitishe. Bila ile hatuwezi fungua kikao kingine. Iko sheria."

Nikasoma PV ya kikao kilichopita, kwa sauti, nikiwa na shela kichwani. Ilikuwa ndefu. Ilihusu mfereji. Nilipomaliza, mshauri mwingine akanyoosha mkono aseme kwamba, kwa kuwa tumeutaja mfereji, yeye alikuwa na nyongeza kidogo.

"Papa, mufereji itangoja," akasema mama wa sambaza. "Bibi arusi anazeeka."

Ajenti akaitwa kutoa maelezo. Alisema alimkuta mbuzi kando ya barabara, chini ya kibao, hana mtu, akamshika kufuatana na sheria. Alisema pia kwamba mbuzi hakuleta fujo. Kisha akaitwa baba mkubwa, ambaye alikubali kuja hadi mlangoni tu, kamba mkononi, mbuzi nje na yeye ndani nusu.

"Muzee," akasema Bourgmestre, "sababu ya nini ulifunga mbuzi ku kibao ya komini?"

"Sikufunga ku kibao tu. Nilifunga ku kibao ya mbuzi."

"Kibao ya mbuzi namna gani?"

"Eh, si banachora mbuzi pale? Muzuri, na ndevu yake. Mi nilifurahi. Nilisema, komini ya siku hizi iko na heshima, balisha tafutia mbuzi pa kungojea bwana yake."

Niliona wazo likisafiri mezani kutoka mshauri mmoja hadi mwingine, taratibu, na kila mmoja lilipomfikia aliinamisha macho. Yule mwalimu mstaafu alivua miwani. Wale wakaidi wote tuliowajadili, vikao na vikao, walikuwa watu wa Nyantende na Mudaka na kwingineko waliofika mjini, wakaona picha ya mbuzi, wakafunga mbuzi wao kwa utii.

"Twende tuone," akasema Bourgmestre, kwa sauti ya mtu anayetumaini kwamba macho yatamwokoa.

Tukashuka wote, baraza mbele, arusi nyuma, waimbaji wakianza wimbo kwa sababu walidhani ndiyo safari ya kanisani. Kibao kilikuwa pale pale, na mbuzi wake mtulivu. Chini yake alikuwa amefungwa mbuzi mwingine, mweusi, anayetuangalia.

"Na hii ni ya nani?" akauliza Bourgmestre.

Baba mkwe wangu akanyoosha mkono polepole. "Ni yetu. Ya karamu. Tuliona iko mahali pake."

Ajenti alikwisha kuishika kamba ya mbuzi yule. Mama wa sambaza akamshika mkono wake.

"Mwana wangu," akamwambia, "utafunga bakwe bote leo?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibao. Halafu nikakumbuka saa, na kicheko kikakatika. Ilikuwa saa saba na robo, na kanisa lilikuwa kwenye kilima kingine.

Tulirudi ukumbini. Nilidhani mambo yamekwisha. Sikuwa nimemhesabu mwalimu mstaafu, ambaye alisimama tena akasema, kwa haki yote, kwamba kosa la kibao ni kosa la kibao, lakini mbuzi wengine waliotangulia hawakuachiliwa. Leo tukimwachilia mbuzi wa baba mkubwa wa katibu, watu watasema nini huko sokoni? Watasema ni upendeleo. Washauri wakaguna. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Hapo Bourgmestre alipata wazo, na uso wake ukang'aa. Alisimama akasema kwamba komini imepitia miaka migumu, haijawahi kumpa katibu wake hata asante yenye kushikika. Kwa hiyo anapendekeza mbuzi asirudishwe kwa mwenyewe, jambo ambalo lingekuwa upendeleo. Komini imtaifishe, mara moja na kwa kudumu, kisha yeye Bourgmestre amtoe, kwa jina la baraza, kama zawadi ya arusi kwa katibu.

Makofi yalipigwa. Mwalimu mstaafu mwenyewe alipiga makofi. Sheria haikuguswa na arusi ingeendelea. Waimbaji walianza tena. Mbuzi angekuwa wangu, cheti kingesainiwa, saa nane tungeiwahi. Nilikiri moyoni kwamba lilikuwa wazo zuri. Nikashika kalamu.

"Andika, Madame Secrétaire," akasema Bourgmestre.

Nikamtazama baba mkubwa. Alikuwa bado mlangoni. Hakukasirika. Alikuwa ameishika ile kamba kwa mikono miwili, akimtazama Bourgmestre kwa namna ya mtu asiyeelewa lugha, na koti la baba lilimwangukia mabegani, kubwa mno kwake. Kisha akaanza kuifungua kamba kwenye kiganja chake, ili aitoe. Mzee yule angetii. Angewakabidhi mbuzi, aingie, aseme ana furaha, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake siku ile.

"Siandiki," nikasema.

Sauti yangu ilinishtua mwenyewe. Ukumbi mzima ukageuka kwenye meza yangu ndogo.

"Sekretere hana neno mu baraza," akasema mwalimu mstaafu.

"Njo maana sisemi," nikajibu. "Nakatala tu kuandika."

Alifikiri. Nilimwona akizipitia sheria zote kichwani, moja baada ya nyingine, na hakukuta yoyote iliyokataza.

"Ile mbuzi iko na mwenyewe," nikaendelea, ingawa nilikuwa nimesema sisemi. "Baba yangu aliichunga, kaka yake akaileta na miguu. Komini haijanipatia hata kalamu, hii nimejinunulia. Leo itanipatia mbuzi ya baba yangu?"

Bwana arusi alikuwa kwenye kona yake, na nilimtazama kwa woga, maana ni muda wake pia niliokuwa nikiupoteza. Alinitikisia kichwa. Alisogeza mashada kando, akakunja mikono, akakaa kama mtu aliye tayari kungoja hadi Pasaka. Nilimpenda sana dakika ile. Namkumbusha hivyo kila tunapogombana.

Uamuzi usioandikwa haukuwa uamuzi, kila mmoja alilijua hilo, na mtu mwingine wa kuandika alikuwa Kalehe. Bourgmestre alikaa. Washauri walitazama dari. Nje mbuzi alilia mara moja, na mwenzake mweusi akamjibu kutoka barabarani.

"Na kibao?" akasema mama wa sambaza.

"Kibao nini?"

"Kosa iko ya nani? Si ya muzee. Si ya mbuzi. Si hata ya huyu ajenti, masikini. Kibao njo ilibaita. Tukamate kibao. Mbuzi yote yenye ilifuata kibao ikuwe huru, ya leo, ya jana, ya nani yote. Ile itakuwa upendeleo kwa nani?"

Mwalimu mstaafu alivaa miwani yake, akavuta uzi. "Kwa nani yote," akasema baada ya kutafakari. "Haiko upendeleo."

Mikono ikapanda yote. Baraza la komini lilikikuta kibao na hatia, likaamuru king'olewe na kifungwe nyuma ya ofisi mpaka rangi nyekundu ipatikane. Hilo nililiandika haraka sana, na mwandiko wangu haukuwa mzuri. Ajenti alitoka mbio kwenda kukishika.

Baba mkubwa aliingia, lakini alisema hafungi tena kitu nje katika mji huu. Mbuzi akaingia naye. Wakwe nao, wasiopenda kuonekana wajinga zaidi, walimleta wa kwao. Kwa hiyo nilifungishwa ndoa kati ya mbuzi wawili, mweupe upande wetu na mweusi upande wao, na mmoja wao, sitamtaja, alionja shada la msimamizi wangu. Tulifika kanisani tukihema, na paroko, aliyekuwa amekwisha kuiangalia saa yake mara nyingi, alinusa hewa, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia, barazani.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na swali moja la kujibiwa. Bourgmestre alimtazama baba mkubwa, akauliza kama kitabu kinavyotaka: "Weye uko nani wa bibi arusi?"

Miaka yote nimewakatalia watu neno moja kwenye mstari wa swali hilo katika kitabu cha ndoa. Wajomba, baba wakubwa, baba wadogo, wote hufika pale wakasema "baba", nami huwarekebisha, kwa ukali kidogo, kwamba kama si mzazi halisi basi ni mwakilishi wa familia, na ndivyo ninavyoandika. Jioni iliyotangulia nilimpigia simu baba mkubwa kumfundisha asije akakosea mbele za watu. Nilimrudishia neno mwakilishi mpaka likakaa.

Basi alisimama wima ndani ya lile koti, kamba kwenye mkono mmoja, akanitazama kama mtoto wa shule anayemtazama mwalimu wake, akasema kwa Kiswahili safi nilichomfundisha: "Mimi ni mwakilishi wa familia. Mahari tumeyapokea. Tuna furaha."

Machozi yalinitoka, na sikuona haya. Nilishika kitabu cha ndoa kwa mkono wa kushoto kisiteleze, nikaenda kwenye mstari ule, na nikaandika: baba. Nikaupuliza wino ukauke, nikavaa glavu yangu, nikainuka kwenda kuolewa.